Sakafu ya Masjala

Vijana mliobaki pale barazani mmeniomba niandike ninayoyakumbuka kuhusu lile jengo, kwa kuwa hakuna mtu aliyekaa nalo kunishinda. Nimekubali, lakini nawaonya mapema: mimi ni mtu wa kushtuka. Mke wangu husema hata kuku akiruka ghafla mimi hushika kifua. Kwa hiyo msitegemee maandishi ya mtu mtulivu. Kuna jambo moja la kazi ile ambalo halijaacha kunishtua mpaka leo, na kila nikiamka asubuhi nalikuta pale pale nilipoliacha jana.

Jina la mji silitaji. Ukitoka Makindu ukielekea Kambu unaacha barabara kuu, unaingia ndani, basi ni huko. Wanaoujua wanaujua, na watoto wa yule karani wa kwanza wa baraza bado wapo, ni watu wazuri na hawana makosa.

Mambo ya vyeo na mishahara nayaruka. Nilianza nikiwa keateka, yaani mtunzaji wa jengo, nikamaliza nikiwa keateka ambaye cheo chake kimepewa jina refu zaidi. Funguo zilikuwa zile zile.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa kijana, nakata mkonge kwenye shamba kubwa upande wa Kibwezi, na viganja vyangu vilikuwa vimepasuka mpaka kushika kijiko ilikuwa taabu. Siku moja dereva wa lori akaniletea ujumbe kutoka kwa mama: "Kyalo, rudi. Kuna kazi ya ndani ya nyumba." Mama yangu, Syombua, hakuwa mtu wa maneno mengi. Akisema rudi, unarudi. Baba alikuwa ameshafariki, na mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki naye. Nikarudi.

Nilikuta jengo la baraza limesimama, jipya, kuta za mawe ya kuchonga na bati linalong'aa mpaka unafumba macho. Nilishtuka, kwa sababu nilipoondoka pale palikuwa kichaka cha miiba na njia ya mbuzi. Na halikujengwa na kampuni. Lilijengwa kwa mwethya, ile kazi yetu ya pamoja ambapo kila kijiji kinaleta watu wake, na hao watu kwa kweli ni wanawake, wanaume wakiwa wasemaji. Wanawake walibeba mchanga kutoka mtoni, wakabeba mawe mgongoni kwa kamba ya kichwani, wakachimba msingi. Kila kikundi kilipewa kipande chake. Desturi ya mwethya ni kwamba hukagui kipande cha wenzako. Ukienda kuchungulia mtaro wa wengine utaulizwa kama kwenu kazi imeisha, na utaimbwa kwa nyimbo mpaka jioni. Kwa hiyo kila kikundi kilijua upande wake tu. Upande wa magharibi, ambako baadaye palikuwa masjala, chumba cha kuweka mafaili, ulichimbwa na wanawake wanane wa kijiji chetu. Mkubwa wao alikuwa mama yangu. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza, na nilijivuna nalo.

Siku yangu ya kwanza kazini, karani wa baraza alinitembeza. Alikuwa mtu mwenye suti ya kijivu na kalamu tatu mfukoni, na aliongea kama mtu aliyechelewa kwingine. Alinionyesha ukumbi, ofisi yake, masjala, halafu akafungua mlango wa choo kwa fahari kubwa. Kilikuwa choo cha kuvuta mnyororo. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama hicho. "Vuta," akasema. Nikavuta. Hakuna kilichotokea. "Bomba linakuja," akasema, "kabla ya mvua." Kwa miaka yote niliyofanya kazi pale, wenzangu, niliendelea kuupangusa ule mnyororo kila Ijumaa, na hakuna siku ulipowahi kutoa hata tone.

Mtu aliyenifundisha kazi hakuwa karani. Alikuwa Fundi Ndunda, yule aliyesimamia ujenzi wote. Alikuwa mfupi, mwenye jicho moja lililoharibiwa na kipande cha jiwe, na alikuwa amefanya kazi kwenye reli Makindu wakati wa wakoloni. Baraza lilimwacha miezi ya mwanzo anionyeshe jinsi ya kulitunza jengo, na baadaye alikuwa akiitwa kila palipoharibika kitu. Alinifundisha kukanda lipu isipasuke, kusoma timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia ukuta, kusafisha mifereji ya bati kabla ya mvua na si baada ya mvua kama wafanyavyo watu wengi. Zaidi ya yote alinifundisha kugonga.

"Nyumba ni kama tikiti," aliniambia. "Usiiangalie. Gonga, halafu usikize."

Alinipa nyundo yake ndogo ya mpini mweusi. Kila mwezi nilizunguka jengo lote nikigonga kuta na sakafu kwa kitako cha mpini, ko ko ko, na pale sauti ilipobadilika nilitia alama ya chaki. Lipu iliyoachana na jiwe ina sauti yake, mchwa wana sauti yao. Mkijifunza hili moja tu kutoka kwangu, sijapoteza wino.

Tulipofika masjala, alinishika mkono.

"Hapa usigonge."

"Kwa nini, Fundi?"

"Kuta gonga. Sakafu usigonge nikiwa hai. Nikifa, gonga."

Nilidhani ni majivuno ya fundi. Mafundi wazee wako hivyo, kila mmoja ana kona ambayo hataki mtu aitie kidole. Nikasema sawa, na nikatii. Nilitii miaka karibu ishirini. Nikifikiria hapo najishangaa mwenyewe: mtu mzima, mwenye nyundo mkononi na funguo kiunoni, anazunguka sakafu moja kila mwezi kama ni kaburi la mkwewe, na hajiulizi.

Mambo ya masjala yalianza mapema. Mwongeli, aliyekuwa karani wa masjala, mama wa kanisa, mkali kwa wanaokunja pembe za mafaili, alinijia akiwa na faili la rafu ya chini kabisa. Lilikuwa na ukungu. Ukungu! Ukambani, mahali ambapo ukifua shati unalivaa kabla hujamaliza kufua suruali. Nilisema bati linavuja. Nikapanda juu, nikatia lami kila tundu la msumari. Mwaka uliofuata ukungu ukarudi. Nikapanda tena. Kwa miaka mingi nilitafuta juu kitu kilichokuwa chini, na nilipongezwa kwa bidii.

Halafu kulikuwa na chura. Ilikuwa katikati ya kiangazi, mwezi wa tisa, vumbi limejaa hata kwenye meno. Nikasikia Mwongeli anapiga kelele ya mtu anayeibiwa. Nikakimbia na nyundo. Nikamkuta amesimama juu ya kiti, na chini, katikati ya mafaili ya ploti, chura mnene amekaa ananiangalia.

"Kyalo, huyu ametoka wapi?"

"Labda ameletwa kwenye mzigo."

"Mzigo gani? Hapa kunaletwa karatasi!"

Nilimfukuza chura kwa ufagio na nikaziba tundu dogo alilokuwa ametokea, pembeni mwa ukuta. Niliziba vizuri sana, kwa simiti. Ningekuwa na akili ningemfuata. Mnyama anayejua maji alikuja ofisini kunieleza habari, nami nikamfungia mlango.

Miaka ikaenda, ule ufa ukatokea. Ulianza juu ya dirisha la masjala ukiwa mwembamba kama uzi, ukashuka kidogo kidogo mpaka karibu na sakafu. Kila mtu aliyepita alinisomea methali. "Keateka, usipoziba ufa utajenga ukuta." Diwani aliisema, mchungaji aliisema, muuza mbuzi kutoka kaskazini aliyekuja kulipia kibali aliisema kwa lafudhi yake. Nami nilikuwa nauziba! Niliuziba kila mwaka, na kila mwaka ulifunguka. Methali haisemi ufanye nini ukiziba na ufa ukakucheka.

Fundi Ndunda, ambaye sasa alikuwa mzee wa fimbo, alikuja akautazama kwa lile jicho lake moja kwa muda mrefu. Akanifundisha kupima. Unachukua kipande chembamba cha kioo, upana wa vidole viwili, unakibandika kwa lipu juu ya ufa, nusu huku nusu kule, unaandika tarehe. Kioo hakijui kuvutika. Ufa ukisogea hata kidogo, kinavunjika. Basi nikabandika vioo vitatu. Vilivunjika vyote.

Hapa lazima nimtaje mama tena. Katika miaka hiyo yote mama yangu hakuwahi kuingia ndani ya lile jengo. Siku nyingine aliniletea muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, kwenye kibakuli kilichofungwa kitambaa, akafika getini, akaniita, akanipa, akaondoka. Nilimwambia mara nyingi, "Mwaitu, ingia uone ofisi za watoto wenu." Mwaitu ndivyo sisi Wakamba humwita mama. Alikuwa anasema miguu ina vumbi. Mikutano ya akina mama ilipofanyika ukumbini, alibaki nje chini ya ukuta. Nilimwelezea kila mtu kwamba mama yangu ni mwoga wa ofisi, na watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Ukafika ule mwaka wa mahindi ya manjano. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa, na waliozaliwa baadaye hawataamini. Mvua ilikosa, ikakosa tena. Ng'ombe walilala chini na hawakuamka. Mahindi ya msaada, yale ya rangi ya manjano, yaligawiwa uwanjani mwa baraza, na watu walipanga foleni tangu alfajiri. Tangi letu la maji ya bati lilikuwa na buibui. Lori la maji lilikuja siku lilipotaka, na siku ambazo halikuja watu walikaa tu na mitungi yao mitupu kivulini mwa ukuta wa magharibi, kwa sababu kulikuwa na ubaridi. Wakaegemea pale. Wakasema, "Huu ukuta ni baridi vizuri." Nami niliwasikia.

Mama alikuwa na punda. Kila asubuhi nilipokuwa nafungua madirisha nilimwona akipita nyuma ya jengo na mitungi minne, akienda mtoni, ambako walifukua mchanga mpaka shimo likamficha mtu, wapate maji ya chumvi. Alirudi saa kumi jioni. Alikuwa ameshakuwa mzee, mgongo umepinda. Nilimwambia nitamtafutia mtu wa kuchota. Akasema, "Acha. Mimi ndio nimezoea hii njia."

Katikati ya shida hiyo akaja injinia kutoka mkoani. Aliuona ufa, akaviona vioo vilivyovunjika, akaandika kwa muda. Kisha akatuita mimi na karani wa wakati huo, kijana aliyekuwa wa tatu tangu yule wa suti ya kijivu.

"Mvua zikinyesha na hii kitu iendelee kusonga, nafunga jengo," akasema. "Baraza mtahamishiwa mji mwingine. Hii mtabomoa."

Mji mdogo ukinyang'anywa baraza unakufa. Hospitali ndogo, soko la mbuzi, mahindi ya msaada, vyote vililetwa pale kwa sababu kulikuwa na ofisi. Na mimi, kusema kweli, nilijifikiria mwenyewe pia. Lile jengo ndilo kitu pekee nilichokuwa nimekifanya maishani. Nilimfuata injinia mpaka kwenye gari nikimwuliza sababu ya ufa. Akasema, "Kitu chini kinaoza, mzee. Hapo juu unapaka poda tu."

Wiki mbili baadaye Fundi Ndunda akafa, kwa uzee na njaa vikisaidiana. Tulimzika Jumanne. Jumatano asubuhi niliingia masjala, nikafunga mlango, nikapiga magoti, nikageuza nyundo ya mpini mweusi.

Pembeni, karibu na mlango: ko ko, sauti ya jiwe. Nikasonga. Ko ko. Nikasogeza meza ya Mwongeli, nikagonga katikati.

Ilikuwa ngoma.

Niliangusha nyundo. Nikaokota, nikagonga tena, nikasikia ile sauti inashuka chini na kurudi. Nilikaa pale sakafuni, mtu aliyegonga kila kona ya jengo miaka karibu ishirini na kuruka kona moja tu. Nikaenda kwa karani.

"Sakafu ya masjala iko wazi chini. Nataka kuvunja."

Karani akaniangalia kama mtu ambaye njaa imempanda kichwani. "Injinia ametutisha na ufa, wewe unataka kuongeza shimo?"

"Nipe Jumamosi moja."

"Sawa. Lakini Kyalo, ukivunja na ukose kitu, Jumatatu usikuje."

Jumamosi hiyo Mwongeli na mimi tulihamisha mafaili ukumbini. Nikachukua sururu na mtaimbo. Simiti ya Ndunda ilikuwa ngumu, ilinichukua mpaka saa nne kupata ufa wa kuingiza mtaimbo. Chini yake nikakuta mbao nzito nyeusi, nikazijua: mataruma ya reli, yale ya zamani ya mbao, yamepangwa moja kando ya lingine. Yalikuwa yameoza na kuliwa na mchwa. Mawili yalikuwa yamekatika, na sakafu nzima ilikuwa imeanza kukaa juu ya matumaini. Huo ndio uliokuwa ufa wangu. Niliinua taruma moja, na hewa baridi ikanipiga usoni.

Ilikuwa harufu ya udongo mbichi. Hatukuwa tumeisikia kwa zaidi ya mwaka. Mwongeli alinishika bega kwa nguvu mpaka akanikwaruza. Nilichukua kipande cha simiti nikakiachia. Kikasema: chubwi.

"Ngai!" Mwongeli akasema. "Kyalo, ni nini hiyo?"

Nilimulika tochi. Lilikuwa shimo la mviringo, lenye kina cha mtu mmoja na nusu, na chini maji meusi yalikuwa yakitikisika taratibu. Kuta zake zilikuwa zimejengwa kwa mawe, yamepangwa safu kwa safu bila kasoro. Nilizijua zile alama za patasi. Zilikuwa za Ndunda. Hakufunika shimo tu, alikijenga kisima kwanza, kisima kizuri kuliko chochote alichojenga juu ya ardhi, halafu akakifunika. Tulishusha ndoo kwa kamba ya bendera. Nikaonja. Hayakuwa na chumvi hata kidogo. Mwongeli akaanza kuimba wimbo wa kanisani na kulia kwa pamoja, na nje watu walikuwa wameketi na mitungi yao mitupu, migongo yao ikiegemea ukuta ule ule.

Sikuimba. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu. Mtu mmoja hawezi kuchimba msingi mpaka akakuta maji, akapokezwa mawe yote yale, na wenzake wa mtaro huo wasijue. Na mtaro huo nilijua ulikuwa wa nani.

Saa kumi jioni nilikuwa getini. Alikuja akiongoza punda, kitambaa kichwani, vumbi mpaka magotini.

"Mwaitu," nikasema, "tumepata maji."

Hakuuliza wapi. Mtu aliyetoka mtoni tangu asubuhi akiambiwa maji yamepatikana, cha kwanza huuliza wapi. Mama alishika kamba ya punda vizuri, akatazama chini.

"Sakafu mmevunja yote," akasema, "ama kidogo?"

Akaendelea mwenyewe, pale getini, kwa sauti ya mtu anayetoa hesabu ya mbuzi.

"Tulikuwa tunachimba. Udongo ikawa baridi. Ndunda akasema chimba tu. Kufika kiunoni, maji. Tamu, mwana wakwa, tamu. Tukaita karani. Akasimama hapo juu na hizo kalamu zake. Ndunda akamwambia, tusongeze nyumba hatua kumi tu, hii tuache iwe kisima. Akasema plani imepigwa muhuri Nairobi, haisongi, na mgeni anakuja Alhamisi kuweka jiwe. Akasema bomba inakuja kabla ya mvua, hii ya nini? Funikeni. Na hakuna mtu wa kusema, kwa sababu mgeni akisikia, nyumba itaenda mji mwingine."

"Na mkafunika?"

"Mimi nilikataa. Kwetu mtu hafuniki maji, hiyo ni laana. Wenzangu wakaniangalia, mimi ndio mkubwa wao. Nikasema hapana." Alimpangusa punda vumbi la shingoni. "Karani akaniuliza, mama, uko na kijana? Nikasema niko naye, anakata mkonge, mikono yake imeisha. Akasema, hii nyumba itataka mtu wa kuitunza."

Nilimtazama mama.

"Nikasema sawa," akamaliza.

Wenzangu, nimeshtuka mara nyingi maishani. Nimeona chura katika mafaili, nimeona diwani akilala kwenye hotuba yake mwenyewe. Lakini sijawahi kushtuka kama pale. Niliangalia funguo zangu kiunoni kama kwamba kuna mtu mwingine aliyezivaa. Kila lipu niliyopaka, kila dirisha nililofungua asubuhi nikimwona akipita na mitungi mitupu, nilikuwa nimesimama juu ya maji yake. Nilisikia hasira, nikasikia aibu, vikagombana na sikujua kipi kishinde.

"Bomba haikuja, Mwaitu! Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangeuliza nani alifunika. Halafu wangeuliza wewe uliingia aje." Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Mikono yako ilikuwa imepona."

Nilivitazama viganja vyangu. Navitazama mpaka leo.

Aliniachia kamba ya punda, akapita geti, akapanda zile ngazi tatu na kuingia ndani. Mwongeli akampisha. Mama akasimama ukingoni mwa shimo, akachungulia.

"Ndunda alipanga mawe vizuri," akasema.

Mwongeli alimpa kikombe cha kwanza. Akakataa. Akaomba ndoo, akaibeba mwenyewe kwa ule mgongo uliopinda, akapita ukumbini katikati ya mafaili yaliyotandazwa, akashuka ngazi hadi getini, akaiweka mbele ya punda. Watu wa foleni wakaanza kunung'unika, maji matamu anapewa mnyama.

"Mwaitu, watu wana kiu," nikamwambia.

"Hii kazi yako imemaliza punda wawili na hiyo njia," akasema. "Huyu ndio wa tatu. Mwache akunywe."

Punda alikunywa mpaka ndoo ikalia.

Mengine mnayajua. Niliweka vyuma mahali pa mataruma, nikabandika kioo kipya juu ya ufa. Tulitoboa mlango wa nje kwenye ukuta wa magharibi ili watu wachote maji, na masjala ikahamia kando ya ukumbi, ambako mpaka leo mafaili yamejaa vumbi kama inavyotakiwa. Mvua zilipokuja, injinia akarudi, akakuta kioo kizima. Baraza likabaki. Injinia aliniomba ripoti. Niliandika kwamba sababu ya ufa ilikuwa ni mataruma kuoza. Ilikuwa kweli. Majina ya watu sikuandika, kwa hiyo mnaona kwamba hata mimi nilifunika. Mama ameshapumzika sasa, na wale wenzake saba pia, ndiyo maana ninayasema.

Siku ya kuniaga mliniwekea kiti mbele, mkanivisha shada, na kijana mmoja wa ofisi akashika kipaza sauti akaniuliza, "Mzee Kyalo, umetumikia hili jengo muda gani?"

Nikamwambia, "Punda watatu."

Mlicheka sana siku ile.